Leseni Moja kwa Pikipiki Zote

Kinachonikera si kijana kupenda mwendo, kwani sote tuliwahi kuwa na umri huo, bali ni sheria inayompima kwa pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 125, ikamzungusha kati ya koni chache uwanjani, kisha ikampa leseni inayomruhusu kupanda kesho yake pikipiki ya 1,000 yenye nguvu kuliko gari dogo la familia. Umoja wa Ulaya umekwisha kuonyesha tangu 2013 kwamba leseni za ngazi kwa ngazi zinawezekana: umri wa miaka 18 kwa pikipiki yenye nguvu isiyozidi kilowati 35, na daraja lisilo na kikomo cha nguvu baada ya miaka miwili ya uzoefu, au kwa kungoja hadi miaka 24. Wapo wanaouita mpango huo usumbufu wa makaratasi. Nadhani hawajawahi kuongeza mwendo katikati ya kona na kuhisi gurudumu la nyuma likiteleza. Anayeniudhi zaidi, hata hivyo, ni muuzaji anayemwuliza mteja wa miaka 18 rangi aitakayo, asimwulize amewahi kuendesha nini.