Nusu au moja na nusu? Hesabu iliyoitesa Ugiriki

Mei 2010, Ugiriki ilipokubali mkopo wa euro bilioni 110 kutoka nchi za ukanda wa euro na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), wataalamu wa IMF walikadiria kwamba uchumi ungesinyaa kwa asilimia 4 mwaka huo na asilimia 2.6 mwaka 2011, kisha 2012 uanze kukua. Haikuwa hivyo. Kufikia 2013 pato la taifa lilikuwa limeporomoka kwa takriban robo nzima, na zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira.

Januari 2013 Olivier Blanchard, wakati huo mchumi mkuu wa IMF, na mwenzake Daniel Leigh walilinganisha makadirio ya nchi za Ulaya na kilichotokea. Nchi zilizopanga kubana matumizi zaidi ndizo zilizoanguka kupita utabiri. Watabiri walikuwa wamechukulia kwamba kila euro 1 inayobanwa hupunguza pato kwa takriban senti 50. Katika miaka ya mwanzo ya mgogoro, hasara halisi ilizidi euro 1.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Chukua nchi yenye pato la 100 na deni la 130, hali iliyokaribiana na ya Ugiriki mwanzoni mwa mgogoro, na serikali inayokusanya 40 katika kila 100 ya pato. Inakata pensheni na mishahara kwa 1. Pato likishuka kwa 0.5, mapato ya serikali yanapungua kwa 0.2, kinachookolewa ni 0.8, na deni linakuwa asilimia 129.8 ya pato. Pato likishuka kwa 1.5, mapato yanapungua kwa 0.6, kinachookolewa ni 0.4 tu, na deni linapanda hadi asilimia 131.6. Mstaafu amekatwa kiasi kile kile, na mzigo wa deni umezidi.

Waliotetea kubana matumizi hawakuwa wababaishaji. Wachumi Alberto Alesina na Silvia Ardagna walichunguza nchi tajiri kuanzia 1970 hadi 2007, wakaona kwamba kukata matumizi huumiza uchumi kidogo kuliko kupandisha kodi, na mara nyingine uchumi hukua. Mantiki yake inaeleweka: wananchi wakiona serikali inanyoosha hesabu zake, hofu ya kodi kubwa za kesho hupungua, riba hushuka, na watu huanza kutumia fedha. Ireland ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitajwa sana kama ushahidi. Lakini Ireland ilikuwa imeshusha thamani ya sarafu yake mwaka 1986. Ugiriki haikuwa na sarafu ya kushusha, na wateja wake wa Ulaya nao walikuwa wanajifunga mkanda.

Kuna kasoro pia ya kipimo katika utafiti wa aina hiyo. Soko la hisa likichangamka, kodi huongezeka zenyewe na nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato ya serikali, hupungua, kisha takwimu zikasomeka kana kwamba serikali imebana matumizi. Ndiyo maana mwaka 2011 Leigh, pamoja na Jaime Guajardo na Andrea Pescatori, walirudi kwenye nyaraka za bajeti na kuchagua hatua zilizochukuliwa kwa nia ya kupunguza nakisi tu. Walipata kwamba kubana kwa asilimia 1 ya pato hupunguza pato kwa takriban asilimia 0.6 ndani ya miaka miwili. Nao pia walikuta kodi zinaumiza zaidi, sehemu kubwa kwa sababu benki kuu hushusha riba zaidi serikali inapokata matumizi. Nchi iliyo ndani ya euro haina benki kuu yake ya kufanya hivyo.

Latvia ndiyo hoja ngumu zaidi dhidi ya msimamo wangu. Ilibana vikali, ikakataa kushusha thamani ya lati, sarafu yake ya wakati huo, ikapoteza zaidi ya sehemu ya tano ya pato, lakini kufikia 2011 ilikuwa inakua, na Januari 2014 ikaingia kwenye euro. Hata hivyo, deni la serikali yake mwaka 2007 lilikuwa chini ya asilimia 10 ya pato, na vijana wengi walihama.

Nakubali kwamba Ugiriki ilikuwa lazima ibane: nakisi ya 2009 ilizidi asilimia 15 ya pato, na masoko yalikuwa yamefunga mlango. Kilichoweza kubadilika ni kasi. Msamaha wa sehemu ya deni kutoka kwa wakopeshaji binafsi, uliokuja 2012, ungekuja 2010, makato yangeweza kugawanywa kwa miaka mingi zaidi.

Sheria mpya za bajeti za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika 2024, zinatoa muda huo: miaka minne, inayoweza kufika saba. Lakini katika makadirio yake ya deni Kamisheni ya Ulaya hutumia 0.75, yaani senti 75 za pato kwa kila euro 1 inayobanwa, kwa kila nchi, iwe uchumi unakua au umezama. Naona hapo ndipo kosa la 2010 bado linaishi, na takwimu hiyo inapaswa kupanda pale ukosefu wa ajira unapopanda.