Iceland Haijakosea Kusita

Ukiwa Nairobi, ni rahisi kudhani kwamba nchi inayosita kujiunga na muungano ina uoga tu. Mipaka ikilegezwa, benki zetu huwa za mwanzo kuvuka. Iceland, inayosita kuingia Umoja wa Ulaya, iko upande wa pili, wa wadogo. Watu wake hawafiki 400,000, ilhali eneo la Embakasi peke yake, hapa Nairobi, ilihesabiwa zaidi ya 980,000 mwaka 2019. Ndani ya Umoja wa Ulaya sauti yao ingekuwa ndogo mno, nao wana kitu wasichotaka kipangiwe na wengine: samaki.

Bahari hiyo waliipigania. Walisogeza mpaka wa uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972, kisha 200 mwaka 1975, huku manowari za Uingereza zikija kuwalinda wavuvi wake na meli zikigongana. Mwaka 1976 Uingereza ikasalimu amri. Mwenye kumbukumbu hiyo ukimwambia viwango vya uvuvi vitaamuliwa Brussels, kwenye makao ya Umoja huo, ana haki ya kushtuka.

Wanaotaka kujiunga nao wana hoja nzito. Oktoba 2008 benki 3 kubwa zilianguka ndani ya siku chache, sarafu yao, krona, ikaporomoka. Julai 2009 ombi la uanachama likapelekwa. Tena, tangu 1994 Iceland imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, hivyo inapokea sheria za soko la pamoja bila kuzipigia kura. Hapa ndipo wapinzani wanaponitatiza: wanalinda uamuzi ambao sehemu yake wameshaikabidhi. Lakini sera ya uvuvi iliachwa nje ya mkataba huo, nami naona busara hapo. Walitoa walichoweza kuvumilia, wakabaki na kinachowalisha.

Sisi tumewahi kuwa wakubwa wa aina hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, makao makuu ya reli na ya shirika la ndege yalikuwa hapa Nairobi, na Tanzania ilikuwa imelalamika kwa miaka kwamba faida inaielemea Kenya. Mpaka ukafungwa hadi 1983. Ndiyo maana kanuni ya Jumuiya ya leo, iliyofufuliwa, ya kuamua kwa makubaliano ya wote, inayolaumiwa kwa kuchelewesha mambo, mimi naitetea.

Mazungumzo ya Iceland yalianza 2010, yakasimamishwa 2013. Serikali iliyoingia Desemba 2024 iliahidi kura ya maoni, kabla 2027 haijaisha, kuhusu kuyarejelea. Katika miaka ile yote, sehemu ya mazungumzo inayohusu uvuvi haikufunguliwa hata siku moja. Wakirudi mezani, waanze na hiyo.