Kaboni kubeba dawa za mimea: kazi ngumu si kuingia kwenye seli

Paklitakseli, inayotokana na gome la mti Taxus brevifolia, huua seli za saratani lakini haiyeyuki majini. Ndiyo maana ilizoeleka kudungwa ikiwa na ethanoli na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, kiyeyushi ambacho chenyewe huweza kuleta mzio mkali. Hapo wana hoja wale wanaotaka dawa kama hizo zibebwe na chembe nano za kaboni, yaani vipande vya kaboni vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Uso wa mirija ya kaboni au wa grafini oksaidi (karatasi nyembamba mno ya kaboni yenye oksijeni) umejaa pete za kaboni sitasita, na molekuli yenye pete bapa, kama kamptothesini, dawa nyingine ya saratani itokayo kwenye mti, hujibandika juu yake bila kuhitaji muungano wa kikemia. Seli humeza chembe hizo zenyewe na kuzifikisha kwenye vifuko vyenye asidi, pH 5 hivi.

Inadaiwa kwamba asidi hiyo ndiyo inayobandua dawa. Ni kweli kwa doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, yenye amini (kikundi chenye nitrojeni) inayopata chaji kwenye asidi na hivyo kupenda maji zaidi. Lakini doksorubisini hutoka kwa bakteria, si mmea! Paklitakseli haina amini ya namna hiyo, kwa hiyo kuazima matokeo ya doksorubisini hakuthibitishi chochote kuihusu.

Maabara nayo ina mitego. Kwa kawaida mirija huchemshwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na ya nitriki, 3 kwa 1, ikaoshwa hadi pH iwe ya wastani, kisha ikavishwa polietilini glikoli, polima inayopenda maji, ili isigandamane kwenye maji ya chumvi. Dawa huyeyushwa kwenye ethanoli, hukorogwa na kaboni iliyo majini usiku kucha gizani, halafu mchanganyiko huzungushwa kwa kasi ili kaboni itue. Kiasi kilichobebwa hupatikana kwa kuchukua dawa iliyowekwa mwanzo na kutoa ile iliyobaki kwenye maji ya juu. Kosa linajificha hapo: dawa isiyopenda maji hutuama yenyewe, ikaenda chini pamoja na kaboni, nasi tukaihesabu kuwa imebebwa. Rudia hatua zote bila kaboni. Dawa ikipungua juu vilevile, takwimu ya kwanza haina maana. Kipimo cha MTT, kinachotumia rangi kuonyesha seli zilizo hai, pia hudanganya, kwa sababu rangi yake hunata kwenye mirija na kusomeka kana kwamba seli zimekufa. Kwenye sahani ya kipimo, weka vishimo vyenye kaboni tupu isiyo na dawa, na uhesabu seli kwa hadubini.

Mwilini mambo ni magumu zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya majaribio ya wanyama, yaliyohusu chembe nano za aina nyingi, yalikuta kwamba kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni 0.7% ya dozi. Ini na bandama hunasa sehemu kubwa. Chembe zenye upana chini ya nanomita 5.5 hivi hupita kwenye figo, jambo jema kwa usalama, ila huweza kutoka kabla hazijafika kwenye uvimbe. Mirija mirefu na migumu ilionyesha kwa panya, mwaka 2008, mwasho wa tishu (inflamesheni) unaofanana na ule unaoletwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Watetezi hujibu kwamba mirija iliyokatwa na kuvishwa haina tabia hiyo. Jibu ni la haki, lakini ukataji kwa asidi huacha urefu mchanganyiko, na wastani huficha ile mirefu.

Kwa paklitakseli, sioni sababu ya kaboni: tangu 2005 kuna dawa iliyoidhinishwa Marekani inayoibeba kwa albumini, protini ambayo mwili unajua kuivunja. Kamptothesini ndiyo inayostahili juhudi. Pete yake ya laktoni, sehemu ya molekuli inayoipa nguvu, hufunguka kwenye pH ya damu, hivyo mbebaji anayeikinga ana kazi halisi. Na huenda njia isiwe mishipa ya damu. Nchini China madaktari tayari hudunga kaboni karibu na uvimbe wa tezi ya shingo (thairoidi) ili kutia weusi kwenye tezi za limfu wakati wa upasuaji. Chembe hufuata limfu bila kuanzia kwenye ini. Mbebaji wa kamptothesini angejaribiwa kwanza hapo.