Nimekula Utumbo kwa Euro

Tambi, jibini, pilipili manga. Basi. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna hata karoti ya kudanganyia macho. Chakula hicho kinaitwa cacio e pepe, na watu wa Roma wakikitaja wanafumba macho kwa utamu. Mimi nilipowekewa sahani nilianza kuchunguza chini ya tambi, nikijua nyama imelala huko. Nikageuza kwa uma. Nikageuza tena. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye anafanya kazi huko miaka sasa, akaninong'oneza: "Shem, acha kufukua. Ndiyo hivyo hivyo."

Hivyo hivyo kwa euro! Na pilipili manga yenyewe sisi tunaiona Muheza inapanda kwenye miti, Zanzibar watalii wanatembezwa kuioneshwa, mimi nimekatiza bahari nije kuuziwa kama ugunduzi. Shemeji akaanza somo. Eti ugumu uko kwenye jibini, pecorino ya maziwa ya kondoo, ambayo ikikutana na joto kali inashikana mabonge. Kwa hiyo mpishi anaikoroga taratibu na maji yale yale yaliyochemshia tambi mpaka iwe rojo laini, bila krimu, bila siagi. Nimesikia. Lakini maji ya kuchemshia tambi kwetu yanamwagwa nyuma ya nyumba, na sijawahi kuona mtu akiyaweka kwenye menyu.

Halafu njaa yenyewe ilikuwa ya kusubiri. Saa kumi na mbili jioni mimi tayari nipo mlangoni, nimeoga, nimechomekea. Mlango umefungwa. Mgahawa unafunguliwa saa moja na nusu, na hapo ni kwa ajili ya wageni kama mimi, wenyewe wanaanza kuingia kuelekea saa tatu, wametulia, hawana habari. Sasa mtu unayekula saa tatu usiku tambi, kisha nyama, kisha kitindamlo, unalala saa ngapi? Nikasimama nje nikinywa maji ya bomba la barabarani. Hapo niwape haki yao: Roma ina mabomba ya chuma yamesimama mitaani, wanayaita nasoni, yanatiririka usiku na mchana, maji safi, ya baridi, bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanarukia juu kwenye kitundu, unakunywa bila kuinama. Raha kabisa. Tatizo ni kwamba ukivuka kizingiti cha mgahawa maji yanageuka biashara. Mhudumu anakuuliza: ya gesi au ya kawaida? Nikamwambia ya bomba. Akaleta chupa.

Mkate nao ukaja kabla hatujaita. Mimi mtu wa heshima, kitu kikiletwa mezani nakula. Kumbe kiko kwenye hesabu. Shemeji anasema mkoa wao wa Lazio ulipitisha sheria mwaka 2006 kukataza ile tozo ya kukalia meza, inaitwa coperto. Wenye migahawa hawakulia. Wakaandika "mkate". Nikaona kumbe hawa ni ndugu zetu kabisa, sheria ikiingia kwa mlango, tozo inabadili shati na kupita dirishani.

Sasa tuje kwenye nyama, maana hapo ndipo nina kesi.

Nilipelekwa mtaa unaoitwa Testaccio. Hapo kuna mlima mzima uliojengeka kwa vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, ambayo Warumi wa kale walikuwa wakiivunja na kuitupa baada ya kuimimina. Jirani na mlima huo palikuwa na machinjio makubwa ya mji, yalifanya kazi tangu miaka ya 1890 hadi yalipofungwa 1975. Leo majengo yake yana maonyesho ya sanaa, na wanafunzi wa usanifu majengo wanasomea pale pale ng'ombe walipokuwa wananing'inia. Enzi hizo nyama ilikuwa na ngazi zake: robo ya kwanza kwa makabaila, ya pili kwa makasisi, ya tatu kwa wenye nazo, ya nne kwa askari. Robo zimekwisha. Mchinjaji aliyesimama kwenye damu tangu alfajiri akalipwa sehemu ya ujira wake kwa kilichobaki: mkia, utumbo, figo, moyo, ulimi. Wenyewe wakakiita robo ya tano. Wake zao na wenye vilabu vya jirani wakapika, wakaunga, na huo ndio upishi wa asili wa Roma ambao watu sasa wanaweka nafasi wiki nzima kabla ili waule.

Umeelewa hesabu hiyo? Chakula cha mtu aliyekosa hela ya nyama, leo usipokuwa na hela hukipati.

Nilisoma menyu huku nazidisha kwa shilingi, kitu ambacho daktari anapaswa kukikataza kwa watu wa umri wangu. Mkia wa ng'ombe, coda alla vaccinara, euro 20. Zaidi ya elfu hamsini! Mkia! Wameupika na nyanya na seleri nyingi mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe, na wengine wanatia kakao kidogo kwenye mchuzi. Kakao, ndugu zangu. Kwenye ng'ombe. Shemeji akauagiza bila kupepesa, maana alishajua nani atalipa.

Yeye kwenye tambi alikuwa ameanza na pajata. Nikamuuliza ni nini, angenyamaza ningeishi kwa amani. Ni utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya, unakatwa, unafungwa pete, unapikwa na maziwa ya mama yake yakiwa humo humo ndani, yanagandia yanakuwa kama jibini. Haupigwi maji ndani kwa makusudi, ndiyo utamu wenyewe! Bibi yangu alikuwa anageuza utumbo kwa kijiti, anausugua kwa chumvi, anamwaga beseni moja baada ya jingine mpaka maji yatoke meupe, na bado anaunusa. Angeona ile sahani angemwita mpishi kando. Kilipotokea kichaa cha ng'ombe, pajata ya ndama ilipigwa marufuku mwaka 2001, ikaruhusiwa tena 2015. Miaka yote hiyo watu wa Roma walinung'unika. Sisi tukikatazwa kitu miaka yote hiyo tunasahau hata kilikuwa na rangi gani.

Mimi nikaangukia trippa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Wana ratiba yao ya zamani: Alhamisi gnocchi, yaani vidonge vya viazi, Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo. Ikaja. Jamani, ni taulo! Taulo ile ile ya buchani, imekatwa vipande virefu, ndani ya mchuzi wa nyanya, juu jibini ya kondoo imekunwa kama theluji, na katikati yake majani ya mnanaa. Nikainusa. Hainuki chochote. Wameiosha na kuichemsha mpaka imekuwa nyeupe na imepoteza kumbukumbu. Sasa utumbo usionuka utumbo, mtu aliyefumba macho atajuaje amekula nini? Ulikuwa laini, sikatai, na mchuzi niliufuta kwa ule mkate wa kulipia mpaka sahani ikarudi safi. Lakini ndizi ziko wapi? Limao liko wapi? Nikaomba pilipili mbuzi. Mhudumu akaniletea pilipili manga. Ile ile.

Tena utumbo ulikuja peke yake. Kwetu kwa mama lishe ukiagiza ugali nyama, maharage na mboga za majani vinafuata bila kuitwa, na kipande cha tikiti juu. Pale kila kitu kina mstari wake na bei yake. Ukitaka mboga, lipia mboga. Tukaagiza carciofo wa Kiyahudi, ni mmea wa ukoo wa mbigili, wanaukaanga mzima kwenye mafuta mengi mpaka majani yanafunguka na kukauka, unayavunja moja moja yanalia. Huo sina neno nao. Ningekula hata wanne kama si kuzidisha.

Shemeji alikuwa ameushika mkia kwa vidole, anafyonza mfupa, mchuzi umefika kwenye kiwiko, na hakuna mtu aliyekuja na jagi na beseni. Tulipewa kitambaa. Nikajaribu kuagiza kapuchino ili angalau nimalize na kitu ninachokijua, Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza, eti maziwa baada ya chakula ni aibu, hayo ni ya asubuhi. Mtu ametoka kula utumbo wenye maziwa ndani ananifundisha habari za maziwa.

Mama watoto nilimtumia picha na jina tu, trippa alla romana. Akaisambaza mtaa mzima. Niliporudi, jirani yetu akaja na daftari anataka maelekezo, ana wageni wa mume wake Jumapili. Nikamwambia: taulo kilo moja, nenda Vingunguti mapema, nyanya, jibini ukiipata, halafu mnanaa.

Akaacha kuandika. "Mnanaa? Kwani huo utumbo una mafua?"