Neno la mwaka: alichague nani?

Kila Desemba, katika hekalu la Kiyomizu mjini Kyoto, mtawa mkuu huchovya brashi kubwa katika wino na kuandika, kwenye karatasi pana, herufi moja ya kanji, yaani alama inayobeba maana ya neno zima, iliyopigiwa kura na Wajapani kuwa ndiyo ya mwaka. Desturi hii ilianza 1995. Herufi ya kwanza ilihusu mtetemeko, kwa kuwa Januari ile tetemeko la ardhi la Kobe liliua zaidi ya watu 6,000. Mwaka 2024 ilishinda herufi ya dhahabu, ambayo pia ndiyo ya pesa: waliichagua wenye kufurahia medali za Olimpiki ya Paris, wakaichagua na waliokasirishwa na fedha za siri za wanasiasa. Furaha na hasira za mwaka mmoja zikakaa pamoja, na hilo ndilo linalonivutia katika jambo hili.

Wanaopinga kuteua neno la mwaka wana hoja nzito. Kwa Kiingereza, wateuzi wanaosikika zaidi ni wachapishaji wa kamusi, na tangazo lao ni biashara pia. Kuwaachia watu kura nako hakutoshi. Wachapishaji wa kamusi za Oxford walifanya hivyo 2022. Kura zilipita 300,000, na asilimia 93 zikaenda kwa "goblin mode", msemo wa mitandaoni wa kumsema mtu aliyejiachia ovyo bila kujali. Wingi wa kura si wingi wa matumizi: msemo unaweza kuvuma mtandaoni wiki mbili bila kufika sokoni wala kwenye daladala. Miaka miwili kabla ya hapo, Oxford hao hao walikataa kuteua neno moja, wakatoa orodha. Naona walitenda haki.

Ujerumani kuna njia ninayoiheshimu zaidi. Mbali na neno la mwaka, tangu 1991 jopo jingine huteua neno baya la mwaka, lile linaloudhalilisha utu. Raia hupendekeza, lakini wingi wa mapendekezo hauamui. Jopo hupima na kutoa sababu. La kwanza lilikuwa "ausländerfrei", yaani pasipo wageni, katika mwaka ambao wahamiaji walishambuliwa mjini Hoyerswerda hadi wakaondolewa. Uteuzi wa namna hiyo unamtaka msemaji ajibu kwa alichokisema.

Je, Kiswahili? UVIKO-19 ilijaa kwenye nyaraka, lakini Tanzania ya 2020 mitaani ilikuwa korona, barakoa, kujifukiza na nyungu. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu. Neno lenyewe lilikuwepo zamani katika lugha ya serikali, ghafla likawa kwenye dirisha la wakala, mteja akiuliza, "Nikitoa elfu hamsini, tozo inakula ngapi?" Lakini Lubumbashi, Kongo, tozo hiyo haikumgusa mtu, na Kenya ya 2024 ilikuwa na Mswada wa Fedha na vijana wake barabarani. Neno moja kwa wasemaji wote wa Kiswahili lingekuwa la kulazimisha.

Ningependa kila nchi iwe na jopo lake: wanaleksikografia (watunga kamusi), waandishi wa habari na walimu, wapokee mapendekezo ya wananchi, wayapime kwa matumizi halisi magazetini, redioni na mitandaoni, kisha waandike sababu za uteuzi hadharani. Neno linaloikera serikali lisiondolewe kwa kuwa linaikera. Kwa Tanzania ya 2021, ningeipigania tozo.