Deni la Shemeji

"Mwanangu, mashine inahesabu ila haisemi." Ndivyo alivyonipigia mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ilala. Kompyuta yake, Mac, aliletewa na mwanawe kutoka Muscat. Programu ya mauzo aliandikiwa na fundi ambaye siku hizi simu yake haipatikani.

Nikabofya "Jumlisha". Kimya. Haikujifunga, haikulalamika, hata mlio hakuna. Haya ndiyo maudhi ya Objective-C, lugha iliyoandikiwa programu hiyo. Lugha nyingi ukiamrisha kitu kisichokuwepo, programu inaanguka hapo hapo, angalau unajua pa kuanzia. Hapa ukimtuma nili, yaani kitu kisichokuwepo, hakatai na wala haendi, kama mpwa aliyetumwa dukani mechi ikiendelea.

Nikaagiza logi, daftari la programu, initajie lebo ya jumla, yale maandishi ya kwenye skrini yanayoonyesha jibu. Ikaandika: null, yaani hakuna kitu. Nikafungua Interface Builder, pale skrini ya programu inapochorwa na vitu vyake kuunganishwa kwa waya za kuchora. Waya upo, umetoka kwa kontrola, msimamizi wa skrini, hadi kwenye lebo bila kasoro. Nikafunga, nikafungua tena. Upo.

"Umeona nini?"

"Lebo haipo, mzee."

Akavaa miwani, akainama, akagonga kioo kwa kidole. "Na hii?"

Imeandikwa JUMLA, kwa herufi nyekundu. Sasa mtu mzima utamwelezaje kwamba anachokiona hakipo?

Nikaachana na lebo, nikamdai kontrola mwenyewe ataje anwani yake ya kumbukumbu: kwanza ndani ya awakeFromNib, hatua ya skrini kuamka kutoka faili lake la nibu, waya zikiwa zimeshaunganishwa, kisha pale anapotakiwa kuonyesha jumla. Zikatoka anwani mbili tofauti! Yule fundi, badala ya kumtumia kontrola aliyezaliwa na faili la nibu, alijiundia mwingine kwa alloc na init, amri za kuunda kitu kipya. Darasa moja, jina moja, ila huyu wa pili hana waya hata mmoja.

"Mzee, humu kuna wasimamizi wawili. Mwenye funguo hatumwi, na anayetumwa hana funguo."

"Wote wanalipwa?"

Nikamfuta yule wa bandia, nikauelekeza msimbo kwa yule wa nibu. Mzee akataka kujaribu mwenyewe. Akachagua akaunti ya shemeji yake, ambaye alikuwa amekalia mifuko ya saruji akisubiri kupakiwa mingine, akabofya. Ikatokea papo hapo: shilingi 1,840,000.

Mzee akaisoma kwa sauti, pole pole, mara mbili.

Shemeji akakohoa. "Kijana, huyo msimamizi mliyemfukuza, kosa lake lilikuwa nini hasa?"