Katiba inakataza, ila getini mambo ni mengine

Mhariri, mwandishi wa makala mliyoichapisha anasema ubaguzi wa rangi kwetu Tanzania si tatizo tena kwa sababu Katiba ilishaukataza. Kweli, Ibara ya 13 inaukataza, na rangi imetajwa humo waziwazi. Nasoma sheria hapa Dar, naiheshimu mno ibara hiyo. Lakini kuna hoteli ya ufukweni ambako mimi na rafiki yangu tulisimamishwa getini, tukaulizwa tunakwenda kwa nani, mabegi yakafunguliwa. Wazungu wawili wenye kandambili wakapita pembeni yetu, mlinzi akawapigia saluti. Mlinzi mwenyewe Mwafrika mwenzetu, kijana tu, anatii maelekezo ya bosi wake. Simlaumu yeye.

Kwa jambo kama hilo mtu wa kawaida anaanzia wapi? Kazini angalau pana njia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema ukishaonyesha dalili za kubaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hilo ni jambo kubwa jamani! Wahudumu wangapi wa hoteli mjini hapa wameambiwa? Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na muda wa kuyapeleka una ukomo.

Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akapinga uraia wa kupimwa kwa rangi, katika mji huu uliokuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika. Mhariri, tuchapishieni kifungu hicho cha 7 kwa Kiswahili chepesi, watu wakibandike kazini kwao.